Chaguo la Kwanza la Binamu Yangu

Mwaka nilioomba kujiunga na chuo kikuu nilimfanyia binamu yangu jambo ambalo tunalijua yeye na mimi tu. Nimeamua kuliandika kwa sababu wanaonijua hunisifu kwa uangalifu. Husema, huyu akishika kazi hakosei. Kila nikisifiwa hivyo najiona kama niliyevaa nguo ya kuazima, na mwenyewe yuko papo hapo ananitazama.

Kozi niliyoitaka inaitwa historia ya umma. Si ile historia ya kukariri ili ufaulu mtihani. Ni historia inayowekwa mbele ya watu wote, makumbushoni, redioni, kwenye kibao kilichopigiliwa ukutani mwa nyumba ya kale ili mpita njia asome ajue ni nani aliyekaa humo. Niliijua nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa historia alikuwa amehama na hakuletwa mwingine, basi nikawa najisomea mwenyewe, kwenye maktaba na kwenye simu ya mama, na siku moja nikakutana na jina la kozi hiyo. Nilifurahi kama mtu aliyegundua kwamba ugonjwa wake una jina. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa naandika maelezo ya vitu vya nyumbani kwenye vikaratasi na kuvibandika. Kinu kilikuwa na karatasi yake. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa nayo pia, mpaka mama akachoka akazibandua zote.

Vyuo vyenye kozi hiyo, kwa kadiri nilivyoweza kutafuta, vilikuwa viwili. Kimoja kiko Kilifi, si mbali na kwetu Malindi, kingine Nairobi. Nilichora jedwali kwenye daftari nikavilinganisha: walimu, maktaba, kazi za nje, umbali. Nikikosea neno moja nilichana karatasi na kuanza upya. Jedwali hilo nililiandika mara sita. Kilifi ikashinda, kwa sababu wanafunzi wake walitumwa vijijini kuanzia muhula wa kwanza, na wale wa Nairobi walikaa darasani miaka miwili kwanza. Nikaapa Kilifi ndiyo itakuwa chaguo langu la kwanza, na sitamwambia mtu mpaka nikubaliwe, ili nikikosa nisichekwe.

Binamu yangu ni binti wa mjomba. Tulizaliwa mwaka mmoja, yeye akanitangulia miezi mitatu, na miezi hiyo ameitumia maisha yote kuniita "mdogo wangu." Alilelewa Rabai kwa bibi yetu, mimi nikalelewa mjini ambako baba alipata kazi. Mtihani wa kidato cha nne mimi nilipata B+, yeye C+. Hakuhuzunika hata kidogo. Alisema anakwenda kusomea mambo ya hoteli kisha apate kazi Kikambala, "niwapikie Wazungu pweza mpaka wasahau kwao." Nilimwonea wivu hata hapo. Mimi mwenye B+ sikulala vizuri mwezi mzima nikifikiria A.

Mambo yalianza chuo cha Kilifi kilipotangaza siku ya wageni. Waliotaka kuomba historia ya umma walialikwa waje na kitu kimoja cha nyumbani chenye historia, wakiweke mezani na kadi ya maelezo, wawaeleze watu watakaopita. Haikuwa mtihani, walisema. Lakini wahadhiri watakuwapo. Kwangu mimi palipo na mhadhiri ni mtihani.

Nilijua papo hapo nitapeleka hando la bibi. Hando ni vazi la wanawake wetu wa Kimijikenda, sketi ya bafta, kitambaa chepesi cha pamba, iliyokunjwa mikunjo midogo midogo, tabaka juu ya tabaka, hufungwa kiunoni likampa mvaaji nyonga pana anazotembea nazo kwa maringo. Siku hizi wengi huliona kwenye ngoma za mashindano tu. La bibi lilikuwa lake mwenyewe, alilovaa ujanani. Kadi niliiandika kabla hata ya kwenda kuliomba. "Hando hutengenezwa kwa bafta nyeupe," ndivyo ilivyoanza.

Nikaenda Rabai. Bibi alikuwa uani anachambua kunde, binamu yangu kando yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umekuja kunipokonya nini?"

Kwetu bibi hutania mjukuu wa kike kwamba wote ni wake wa babu. Babu amekufa tangu sijaanza shule, lakini ugomvi wa kumgombania haujaisha.

"Nimekuja kuazima hando lako."

"Hando! Utalifunga kwenye nini? Hicho si kiuno, hicho ni mlingoti wa bendera."

"Bibi, muache," binamu yangu akasema. "Yeye kiuno chake kiko ndani ya daftari."

Wakacheka pamoja, mabega yakigusana. Mimi nikatoa daftari.

"Bibi, lilishonwa mwaka gani?"

"Mwaka wa mvua nyingi."

"Kabla ya uhuru au baada?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa nanyeshewa, sikuwa naangalia kalenda."

Kwa miaka miwili nilikuwa nikimuuliza bibi maswali kwa namna hiyo, nikiyapa nambari. Yalifika ishirini na saba. Majibu yake yote yalikuwa hivyo, ya kuchekesha na yasiyoandikika. Akanipa hando hata hivyo, limefungwa ndani ya leso kuukuu, akaniambia nilirudishe likiwa zima. Nikamwomba binamu yangu aje Kilifi siku hiyo alivae, kwa sababu nguo ikilala mezani haionyeshi kitu, na mimi, kama alivyosema bibi, ni mlingoti. Akakubali bila kuuliza ni la nini.

Nyumbani Malindi nililifungua. Lilinuka moshi na mafuta ya mbono, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Nikatazama kadi yangu: bafta nyeupe. Nikatazama hando. Mtu mwingine angebadilisha kadi. Mimi kadi nilikuwa nimeshaiandika mara kumi na moja, kwa kalamu nyeusi, mwandiko umenyooka kama wa mashine, basi nikaona ni afadhali nguo ifuate kadi. Nikaliloweka ndani ya karai kwa sabuni ya unga, saa mbili nzima. Maji yakawa ya kahawia, nikafurahi. Nikamwaga, nikatia mengine, nikasugua pindo kwa pindo.

Lilipokauka kwenye kamba lilikuwa jeupe kweli. Lilikuwa pia limelegea lote, mikunjo imefunguka, linapepea kama pazia la zahanati. Nilijaribu kulikunja upya kwa pasi. Pasi ikalimaliza kabisa.

Sikuwa na la kufanya ila kurudi Rabai. Nililiweka magotini pa bibi, bado ndani ya mfuko wa plastiki. Alilitoa, akalinusa, akaligeuza upande wa ndani, akalinusa tena. Nilingoja anitukane. Ningependelea anitukane.

"Umenivua nguo, mwanangu," akasema.

Mimi nikalia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimekosea, na kwa sababu nilikosea mbele ya binamu yangu. Yeye alichukua hando akalikung'uta. "Bibi, si litakunjika tena? Nionyeshe."

Walilikunja siku tatu. Kunja kwa upana wa kidole, pitisha uzi, paka mafuta ya mbono, laza chini ya jiwe la kusagia, kesho endelea. Siku ya kwanza nilitaka kusaidia, nikaleta rula. Mikunjo yangu ilikuwa sawasawa yote. Bibi aliitazama akaifumua mmoja baada ya mwingine.

"Rula ya nini? Kipimo ni kidole, na vidole unavyo kumi."

Nikapewa kazi ya kuchota maji na kupasha mafuta. Nikiwa jikoni ndipo nikasikia bibi anasimulia. Hakuna aliyemuuliza. Mikono yao ilikuwa kazini, na maneno yakawa yanatoka tu. Alisema alipoolewa alitaka kwenda kanisani, na wanawake wa kanisani wakamwambia kwa hando haingii, avae gauni. Akaazima gauni. Lakini kuvua hando aliona ni kama kutoka nje bila nyonga, basi akavaa gauni juu ya hando.

"Juu yake!" binamu yangu akapiga kelele.

"Ndiyo. Benchi la watu watano likawa la watu watatu. Wakasema, huyu bi harusi ameshiba. Mchungaji akasema sogeeni, mgeni wa Mungu ana mwili."

"Mwili wa bafta!"

"Mwaka mzima nilikaa hivyo, jua kali, jasho linanitoka mpaka visiginoni. Mama mkwe akajua. Alikuwa akinifungia kamba mwenyewe asubuhi ya Jumapili, akaniambia, kaza, wasikuone umepungua."

Nilitoka jikoni mbio nikiwa na simu mkononi nimeshabonyeza kurekodi. Bibi aliiona. Akaangalia kazi yake. "Mafuta yamepata moto?" akaniuliza, na hadithi ikaishia hapo.

Nitakuwa mkweli. Sikujali kwamba hadithi imepatikana. Nilijali kwamba amepewa binamu yangu. Maswali ishirini na saba yalikuwa yangu, na jibu akapewa mtu asiyejua hata kuuliza.

Siku ya wageni tulifika Kilifi mapema. Tulipewa meza chini ya turubai, katikati ya watu wenye vitasa vya milango ya kale, vyungu na picha za harusi. Niliweka kadi yangu kwenye kibao cha mbao, nikaipima iwe katikati. Binamu yangu akaenda chooni kubadilisha, akarudi na hando kiunoni, fulana nyeupe juu, na leso mabegani. Alikuwa akitembea kama bibi. Sijui alijifunza lini. Nyonga zilikwenda huku na huku, watu wakageuka.

Mara wakatuzunguka. Nilianza maelezo niliyokariri: "Hando ni vazi la asili la..." Mzee mmoja wa kikofia akaniambia kwa adabu kubwa, "Samahani binti, sogea kidogo huko, nataka kumpiga picha."

Nikasogea.

Mhadhiri alikuja, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Hakusoma kadi. Alimuuliza binamu yangu, "Mbona hili halina harufu ya ukale? Mikunjo ni mipya."

"Muulize dada yangu huyu," binamu akasema akinionyesha kwa kidevu. "Alilifua kwa sabuni ya unga!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akashika kichwa: "Uwi! Hando kwa sabuni!" Na binamu yangu, akiwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, akawasimulia yote. Karai, maji ya kahawia, bibi kunusa, siku tatu za kukunja, na akaingia kwenye gauni na benchi la kanisani, sauti ya mchungaji na yote. Akaigiza mama mkwe akikaza kamba. Wanawake wazima walikuwa wanafuta machozi. Bibi mmoja mgeni akasema hata mama yake alifanya hivyohivyo, kisha mwingine naye akaanza ya kwao, na pale mezani pakawa kama kisimani.

Mhadhiri hakucheka sana. Alikuwa anasikiliza kwa namna ambayo mimi nilikuwa nimeota anisikilize. Mwishowe akamwambia, "Haya unayofanya ndiyo tunayofundisha hapa. Umeomba?"

"Mimi? Mimi nakwenda hoteli, mwalimu. Nimemsindikiza tu."

"Omba. Nakuambia omba. Alama zako zinafika?"

"C+."

"Zinafika." Kisha akanigeukia. "Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyeandika kadi," nikasema.

Akavaa miwani, akaisoma. "Mwandiko mzuri," akasema, akaenda zake.

Maneno mawili hayo nimeyageuza kichwani mara nyingi kuliko somo lolote. Yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yaliuma.

Tukiwa stendi Kilifi tunangoja magari, yeye ya kwenda upande wa Mombasa na mimi ya Malindi, alikuwa anakula mahindi ya kuchoma na macho yake yako mbali. "Hiyo kozi inaitwaje tena?"

"Historia ya umma."

"Ya umma. Kumbe mtu anaweza kupata shahada kwa kusikiliza vikongwe." Akatafuna. "Mdogo wangu, nijazie na mimi. Wewe ndiye unayejua haya mambo ya mtandao. Mimi simu yangu ni mulika mwizi, ya kupigia tu."

Akatoa karatasi mfukoni, akaniandikia nambari yake ya mtihani na nambari yake ya siri ya tovuti ya vyuo. Aliniandikia mgongoni mwangu, karatasi ikiwa imelazwa hapo kama mezani, na kalamu ikinitekenya. "Niweke Kilifi iwe ya kwanza. Tutakaa chumba kimoja. Wewe utaandika kadi, mimi nitapiga domo."

Nikasema sawa.

Siku iliyofuata nilikwenda saiba ya karibu na kwetu, duka la kukodi kompyuta. Nikajaza fomu yangu kwanza: chaguo la kwanza, historia ya umma, Kilifi. Nikaisoma mara nne, nikaihifadhi. Kisha nikafungua yake. Chaguo la kwanza nikaandika usimamizi wa hoteli. La pili, usimamizi wa hoteli, chuo kingine. La tatu, utalii. Historia ya umma ya Kilifi nikaiweka ya nne, mahali ambapo mtu huandika kujaza nafasi tu.

Nilijiambia ni kwa faida yake. Si ndiye aliyesema siku zote anataka hoteli? Mtu hawezi kubadilisha maisha kwa sababu amechekesha watu chini ya turubai asubuhi moja. Nilikuwa na hoja nyingi na zote zilikuwa nzuri. Nikampigia. "Nimekujazia."

"Allah, asante!" akasema, yeye Mkristo, kwa mzaha wa watu wa Malindi. "Bibi, nimeshaingia chuo!" nikasikia anapiga kelele huko uani.

Ingekuwa bora angekaa kimya baada ya hapo. Badala yake akaanza kazi. Wiki hiyohiyo alimpa mjomba, aliyekuwa anakuja Malindi, daftari la kurasa arobaini aniletee nimsahihishie. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba Rabai akiwasikiliza vikongwe, akirudi nyumbani anaandika. Tahajia ilikuwa ya ajabu, nukta hazikuwapo, sentensi moja ilikwenda ukurasa mzima. Nilichukua kalamu nyekundu kwa raha, sitaficha. Ukurasa wa kwanza niliujaza wekundu. Wa pili nikasahihisha kidogo. Wa tatu palikuwa na mwanamke aliyezika hando lake shambani siku aliyookoka, na kila mwaka akilima anapiga jembe mbali na pale, na mume wake hajui kwa nini mistari ya mahindi ina kona. Nikaweka kalamu chini. Sikuweza kuongeza kitu wala kupunguza. Nililifunga daftari nikalitia chini ya godoro, na kwa siku kadhaa niliona chuki ambayo sikujua ninayo, ya kimya, inayokula pamoja nami mezani.

Tovuti iliruhusu kubadilisha machaguo mpaka siku maalumu. Nilikuwa nikihesabu siku hizo kama mtu anayengoja mgeni asiyemtaka aondoke. Asubuhi ya siku ya mwisho mlango ukabishwa. Alikuwa binamu yangu, na mapapai mawili kutoka kwa bibi.

"Nimekuja kuiona," akasema.

"Kuiona nini?"

"Fomu yangu. Bibi ameniuliza nimeandikwa wapi hasa. Nikamwambia sijui, mdogo wangu ndiye ameandika. Akaniambia, mtu haolewi bila kumwona bwana, nenda ukaione."

"Mtandao leo mbovu."

"Tutangoja."

"Basi kaa unywe chai, natangulia nikashike nafasi. Siku ya mwisho saiba hujaa."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kujiokoa. Nilikimbia njia nzima. Saiba ilikuwa na kompyuta moja wazi, nikaketi, nikaingiza nambari yake ya siri, fomu ikafunguka. Ilikuwa kazi ya dakika moja: kuipandisha historia ya umma juu, kuishusha hoteli chini, kuhifadhi. Asingejua kamwe. Ningebaki yule mwangalifu.

Sikubonyeza. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinizuia, nikaona ni afadhali aujue ukweli. Si hivyo. Nilikaa mkono juu ya kipanya kwa sababu hata wakati ule, nikijua anakuja, bado sikutaka aende Kilifi. Niliona darasa, na mhadhiri mwenye miwani akimsikiliza yeye, na mimi nikisogea kidogo huko. Nikawa nangoja sijui nini. Labda umeme ukatike.

"Chai imenishinda, ya moto," sauti ikasema nyuma yangu. Akavuta kiti. Akaanza kusoma kwa kidole, kwa sauti ndogo, kama anavyosoma siku zote. "Chaguo la kwanza. Usimamizi wa hoteli." Akanigeukia. "Hii ya nani?"

"Yako."

"La pili, hoteli. La tatu..." Akasoma mpaka mwisho. Kidole kikabaki kwenye ya nne. "Ulikosea?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Alinipa njia. Kwake ilikuwa rahisi kuamini kwamba mimi, nisiyekosea, nimekosea.

"Sikukosea," nikasema. "Nilifanya makusudi."

"Kwa nini?"

Kijana mwenye saiba akapaza sauti kwamba wanaongoja ni wengi, tufanye haraka. Nikasema kwa pumzi moja, "Kwa sababu sitaki uende Kilifi. Mimi nimeitaka miaka miwili na wewe umeipata asubuhi moja. Bibi alikupa wewe hadithi. Yule mwalimu hakunitazama. Nakuonea wivu, mpaka naumwa."

Uso wake haukuwa na mzaha wowote, na nilitambua sijawahi kuuona hivyo.

"Kwa hiyo wiki zote hizi nazunguka kwa vikongwe," akasema polepole, "mimi nilikuwa mpishi."

"Nisamehe."

"Sogea."

Nikasogea. Alichukua kipanya. Hajazoea, kikawa kinamkimbia, lakini hakuniomba msaada nami sikuthubutu kuutoa. Akaipandisha historia ya umma ya Kilifi iwe ya kwanza. Hoteli akaishusha ya nne. Akahifadhi, akasoma tena yote kwa kidole. Kisha akamwuliza yule kijana jinsi ya kubadilisha nambari ya siri, akaibadilisha, akiwa amenigeuzia bega nisione. Alifanya hivyo bila hasira, kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ndivyo milango inavyofungwa. Tangu siku hiyo sijawahi kujua nambari yake ya siri ya kitu chochote.

"Sasa fungua yako," akasema.

Nikafungua. Historia ya umma, Kilifi. Chini yake, historia ya umma, Nairobi. Nilishika kipanya, na nikaanza kuipandisha Nairobi. Nilifikiri nafanya jambo jema. Nilifikiri namwachia.

"Unafanya nini?"

"Nakwenda Nairobi. Kilifi iwe yako."

"Unanikimbia."

"Nakuachia."

"Ukienda Nairobi," akasema, akihesabu maneno, "nitamwambia bibi kwa nini umekwenda. Yote. Ukibaki, hatajua. Chagua."

"Hilo si chaguo."

"Na mimi uliponichagulia, lilikuwa chaguo?"

Mtu aliyekuwa akingoja nyuma yetu akagusa kiti changu. Nikairudisha Kilifi juu, nikahifadhi, nikatoka kwenye ukurasa.

Tulikubaliwa wote wawili. Chumba kimoja hatukukaa. Aliomba kukaa na mwingine, na sikumuuliza sababu. Sasa tuko mwaka wa pili. Tukitumwa vijijini watu humfungulia mlango kabla hajabisha, na mimi huja nyuma nikiwa na fomu za idhini na betri za akiba. Kazi zetu za pamoja hupata alama nzuri. Wivu haujaisha. Kuna siku hupungua na kuna siku, akisimama mbele ya darasa na kuanza na lile "basi siku hiyo," hurudi kama zamani, nami hutazama mezani mpaka upite. Yeye huniona. Hujifanya hakuniona, huendelea kusimulia, na akifika mahali ambapo tarehe inahitajika hunyamaza kidogo, angali amewatazama watu, akingoja niitaje mimi.